Ndoo ya Mchanga

Nyumba nyingi za Jomvu Kuu zina viatu mlangoni.
Yetu ilikuwa na ndoo ya mchanga,
ya buluu, imepasuka ukingo,
na kata ya kifuu juu yake.

Baba akirudi kutibu mbwa wa walinzi
kule maghala ya Miritini,
hakuvuka kizingiti.
Alikunja mikono ya shati, akaita, "Nihesabie."
Mama akatoka, unga wa chapati ungali viganjani:
moja, kwa mchanga;
mbili, kwa maji; tatu; nne.
Pengine akifika sita alisita, akapiga paji la uso:
"Nimesahau. Anza tena."
Amweke pale barazani dakika mbili zaidi.
Sisi watoto tulijua.
Baba naye alijua, akaanza tena.

Daktari Mbwarali.
Mwanzo walimwita Daktari wa Mbuzi, kwa kebehi,
mpaka mwaka ule wa ndigana
alipolala siku tisa mazizini
na pikipiki yake ikaota utando wa buibui.

Glavu zake ndefu, za kufika begani,
Mama alizianika kambani katikati ya leso.
Zilijaa upepo, zikatupungia
tukienda chuoni.

Daftari lake la madeni ninalo mimi.
*Kadzo, ng'ombe mweusi, kondo limekwama: atalipa mvua ikinya.*
*Wavinya wa Mikindani, nguruwe watatu, upele: amelipa ndizi.*
(Ndizi tulikula. Baba aliosha mikono mara saba, Mama akihesabu.)
*Paka wa msikitini, jicho: hana mwenyewe.*
*Punda wa Shebwana, kwato: asidaiwe, mwenye kazi ni punda.*

Siku ya nikaha yangu, walii hakuonekana.
Bwana harusi ameketi, khatibu anatazama saa,
kahawa imepoa mara mbili.
Akaingia adhuhuri imekaribia,
kanzu nyeupe, mkono wa kulia umelowa hadi kwapani.
"Alitanguliza matako," akasema,
kana kwamba msikiti mzima ulikuwa ukingoja habari za ndama.
"Jike. Amesimama."
Akanawa, akaketi, akashika mkono wa mume wangu,
na mume wangu mpaka leo huapa
kwamba kiganja kile kilikuwa na joto
la tumbo la ng'ombe.

Tulipougua, hakutumia kipimajoto.
Mama alikuwa amekipiga marufuku, kwa sababu anazozijua.
Baba alitushika nyuma ya sikio kwa mgongo wa mkono,
akafumba macho, akasikiliza,
vile vile kama kwa mtamba mwenye homa:
"Pole, mama. Pole. Itashuka."

Wodini, mwaka jana, mashine zilikuwa zikisema tarakimu
ambazo hakuna aliyetufasiria.
Nikamshika nyuma ya sikio.
Akafungua jicho moja.
"Na pua je? Imekauka?"
Nikacheka mpaka muuguzi akanikemea.
Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho yenye maana.

Matangani Kadzo alikuja na dumu la maziwa, lita tano.
"Mvua ilinyesha zamani," akasema. "Nilichelewa."
Shebwana alimwacha punda nje, hakumfunga.
Hakuenda popote.

Eda imekwisha sasa.
Mama hutoka barazani magharibi, anakaa karibu na ndoo.
Nilitaka kuiondoa; wajukuu wanamwaga mchanga.
Akanitazama tu.

Jana mbwa walibweka Miritini,
nami nikamsikia kutoka dirishani, sauti ndogo,
ya mtu anayepima unga:
moja, kwa mchanga;
mbili; tatu; nne; tano;
sita.

Akanyamaza.
Kisha akaanza tena.